Kuitwa kwa Sauti

4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole na kazi za huko. Mimi ni mzima wa kuungaunga. Presha inapanda na kushuka itakavyo. Nimefurahi kusikia kuwa chumba chako kipya hakivuji. Usinitafute kwa simu. Siku hizi ni za vioo, hazina vitufe, nami nabaki kupapasa kioo hadi anayepiga anakata tamaa.

Huku wametuletea maendeleo. Unamkumbuka yule nesi wa kliniki ya presha, mwenye sauti ya kuamsha wafu, aliyekuwa akisimama mlangoni na kuita majina? Amehamishiwa wodini, na mahali pake wametundika skrini. Unapewa kikaratasi chenye namba, unakaa kwenye benchi, na zamu yako ikifika skrini inalia "ting" na kuionyesha namba. Ni ting ile ile kwa kila mtu. Wiki iliyopita nilisimama kwa kila ting, mpaka mtu akaniuliza kama benchi lina misumari. Jirani yangu kwenye benchi aliniahidi kunitazamia namba, lakini naye zamu yake ikafika, akaingia, akatokea mlango wa pili. Jioni mfagiaji akaniambia wamefunga. Nikarudi nyumbani bila dawa.

Chama chetu cha wasioona kimekaa kikao. Kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kuwa karani na mashine ya taipu bado ninayo, nimepewa kazi ya kumwandikia mganga mkuu. Hatuombi makubwa: mtu aite kwa sauti, basi. Maombi hayo nayapiga kwa taipu ili wenye macho wasome. Wewe nakuandikia kwa nukta nundu kama nilivyokufundisha ukiwa mdogo humu ndani, vidole vyako visije vikanisahau.

Mjomba wako

20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo, ila vidole ndivyo vimekuwa vizito. Nimeharibu karatasi mbili kabla ya hii, kwa hiyo ukikuta kosa, lisamehe. Misumari imenichekesha, kisha nikafikiria ulivyokaa pale kutwa nzima, kicheko kikaniisha.

Andika, Mjomba. Nakujua ukishika jambo, huliachi hadi kieleweke. Lakini kabla ya yote, dawa. Mwombe yule fundi viatu wa jirani akusindikize, akae nawe hadi mwisho. Najua utasema hupendi kubebwa kama gunia. Bebwa.

Mpwao

11 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Kazi zinaendaje? Fundi viatu amenisindikiza mara mbili, Mungu ambariki, lakini naye ana wateja wake, na uso wa kumwomba kila mara sina. Dawa nazimega ili zinifikishe mbali. Usinigombeze.

Maombi nimeshayapeleka mara tatu, kwa mkono wangu mwenyewe. Sekretari wa mganga mkuu ni binti mpole. Kila mara huipokea karatasi, nasikia akiigeuza huku na huku, halafu muhuri ukigonga. "Tumepokea, Mzee," ananiambia. Jibu hakuna. Wenzangu walitaka twende sote tukaketi mlangoni kwa mganga mkuu hadi atoke. Niliwakataza. Niliwaambia jambo liko kwenye maandishi, na maandishi hayaozi. Wengine wameacha kabisa kwenda kliniki, wanasubiri jibu. Yule bibi wa sukari, mwenzetu chamani mwenye ugonjwa huo, ni mmoja wao.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala, nimeipiga upya kwa ajili yako na sekretari akaigongea muhuri. Ifikishe makao makuu ya afya. Wewe uko karibu nayo.

Mjomba wako

30 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nimechelewa kwa sababu kila nikitaka kukuandikia, moyo unakataa. Leo nasema.

Nakala uliyonitumia ni karatasi nyeupe. Haina neno hata moja, ila muhuri wa "Imepokelewa" katikati. Utepe wa mashine yako umeisha wino, na sijui tangu lini. Nadhani na zile tatu zilikuwa hivyo hivyo.

Maneno yako hayakupotea, Mjomba. Herufi zimeacha alama kwenye karatasi. Nilipitisha penseli juu yake taratibu, zikatokeza, nikasoma yote. Ni maombi ya kiungwana, nililia juu yake. Nimeyapiga upya kazini na kuyapeleka makao makuu. Wamesema watayarudisha huko kwa mganga mkuu, naye atakujibu wewe mwenyewe kwa anwani yako, ndivyo utaratibu ulivyo. Niliwaeleza kuwa huoni, nikawaomba waje kukusomea. Karani aliitikia kwa kichwa, nikadhani amekubali.

Kosa si lako. Ni la watu wenye macho mazima waliokaa kimya.

Mpwao

2 Novemba

Mpwa wangu,

Salamu. Afya, tuiache.

Nilikwenda kwa yule sekretari nikamwuliza. Akasema, "Mzee, nilikuonea huruma. Ulikuwa umevaa koti na tai." Nikatafuta mlango.

Wenzangu nimewaambia. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Bibi wa sukari amekatwa mguu. Nilikwenda kumpa pole, naye akaniuliza kama mganga mkuu ameshajibu. Nimeumia, mwanangu, hilo sikufichi. Fundi viatu alipopata habari za karatasi zangu alicheka mpaka akapaliwa. Si mtu mbaya, ndivyo alivyo, ila tangu siku hiyo sitaki mtu yeyote wa hapa anishikie karatasi yangu.

Ndiyo maana nakutumia bahasha hii bila kumwonyesha mtu. Imeletwa jana na tarishi wa hospitali. Nimeifungua nikaipapasa pande zote, ni laini tupu. Nataka wewe uliyesoma yangu kwa penseli ndiye unisomee yao. Nimewaambia wenzangu kuwa jibu limekuja. Bibi wa sukari amesema tukiitwa, abebwe hivyo hivyo, naye aende.

Mjomba wako

19 Novemba

Mjomba wangu, shikamoo.

Bahasha imenifikia leo. Nakunakilia ilivyo:

"Maombi yenu tumeyasoma. Mnaalikwa mbele ya kamati ya hospitali tarehe 10 Novemba, saa tatu asubuhi, mtoe maelezo ili suala la kuita wagonjwa kwa sauti liamuliwe. Msipofika, kamati itachukulia kuwa hamna hoja tena, na shauri litafungwa."

Nimepiga simu hospitalini papo hapo. Aliyepokea ni yule yule sekretari. Anasema kamati ilikaa, ikasubiri, kisha ikafunga shauri. Nikamwambia mmemwandikia kwa wino mtu asiyeona. Akajibu kwamba barua zote huandikwa hivyo. Nikamwomba kamati ikae tena, akaniambia niandike maombi, yatasikilizwa mwakani, skrini zitakapokuwa zimeshatundikwa katika kliniki zote.

Barua hii naituma kwa basi ili initangulie, nami nakuja Ijumaa. Sina cha kukufariji, wala sijui wenzako utawaambia nini. Nilipotaka kukata simu, sekretari alisema siku ile aliwahi asubuhi akawapangia viti vya mbele, na kimoja alikitia mto kwa ajili ya yule bibi aliyekatwa mguu. Alikuwa amesikia kwamba atakuja.

Mpwao