Mgongo Ulionyooshwa

Jumatatu, 4 Novemba
Mgongo, mchoro wangu, umekwisha! Miaka mitatu. Turubai la katani nimelikunja, nimelishona, nimelitia wanga wa mchele mpaka linajisimamia lenyewe — linatoka ukutani mkono mzima. Kijani cha chai kimejificha ndani ya mikunjo. Usipopinda shingo hukioni. Ni mgongo wa mama. Miaka arobaini akichuma chai mlimani hapa Hangzhou, mpaka ukakataa kunyooka hata kwenye jeneza.

Meneja Pang, mwenye ukumbi wa maonyesho, kaja kuuona. Anatafuna mbegu za alizeti, maganda anatemea sakafuni kwangu. Kauliza, mbona mchoro una kitambi? Kacheka peke yake. Ptuu!

Jumanne, 5 Novemba
Niko kwenye treni, naenda Chengdu kufundisha siku kumi. Nimeuacha Mgongo kwa Fundi Xi autengenezee ubao wa nyuma. Ana miaka sabini na mbili, na hamsini kati ya hiyo amekuwa akinyoosha na kubandika michoro ya karatasi na hariri. Nilitaka kumweleza kwamba mikunjo ndiyo mchoro wenyewe, nikaacha. Fundi wa kubandika haelekezwi. Kumwelekeza ni kumtukana. Kaugusa kwa vidole viwili, kwa huruma kabisa, akasema, "Umeteseka huu. Niachie mimi, binti."

Nikafurahi. Nilidhani ameelewa.

Ijumaa, 8 Novemba
Wanafunzi wote wanachora samaki wekundu. Samaki bapa! Pang katuma ujumbe: kapata mnunuzi wa Mgongo, anataka kitu cha kuweka juu ya kochi. Juu ya kochi. Nimeshindwa kumaliza chakula.

Jumamosi, 16 Novemba


Nimetoka stesheni moja kwa moja hadi karakana ya Xi. Harufu ya gundi ya unga. Na ukutani — Mgongo, bapa! Umenyooka kama shuka la hoteli. Kafumua mishono yangu yote, kaloweka, kapiga brashi, kabandika ukutani siku tisa ukauke. Kila kitu nilichoficha kiko nje, kijani chote kimeanikwa kama nguo za ndani.

"Kazi ilikuwa ngumu, Mwalimu Ruan," kasema. "Sijawahi kuona mchoro uliokunjamana hivi. Walioufungasha hawana adabu."

Akanionyesha nyuma. Juu ya kila mkunjo kabandika kipande chembamba cha karatasi. Mia mbili na kumi na sita, kavihesabu. Kila kimoja kimenyooka, hakuna tone la gundi lililozidi. Kasema hautakunjika tena hata miaka mia.

Kazi safi kuliko zote nilizowahi kuona! Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mzembe ningemtukana. Vidole vyake vimepasuka kwa gundi, anasubiri nimsifu.

Nikasema asante, fundi. Nikatoka.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Neno moja tu lingetosha, nikalimeza kwa heshima. Najichukia kuliko ninavyomchukia Pang.

Jumapili, 17 Novemba
Naandika chooni, ukumbini kwa Pang, maonyesho yamefunguliwa. Watu wamejaa. Mgongo uko ukutani, una fremu ya dhahabu. Dhahabu! Pang anasema sasa ndio umekuwa mchoro. Mnunuzi kaja na futi ya kupimia. Unatosha kochi lake. Kilichobaki ni muhuri wangu. Bila muhuri si kazi yangu, hauuziki. Nikikataa, lazima niseme kwa nini, mbele ya wote, mbele ya Xi.

Muhuri ninao mkononi, umepata joto.

Xi kavaa koti jipya. Kamleta mkewe. Nawasikia kupitia mlango, wamesimama mbele ya Mgongo.

"Ungeuona ulivyokuja, mama watoto. Ulikuwa umepinda, maskini. Sasa umepumzika."

Mkewe kasema mzuri. Kasema unamkumbusha mashamba ya chai.

Pang anagonga. "Mwalimu Ruan! Wino unakauka!"

Nimemjibu nakuja. Bado nimekaa.