Kiganja cha Baba Ukutani

Tangini,
Kibaha.
9 Juni 2024

Mpendwa dada Hajra,

Shikamoo. Anayekuandikia ni fundi rangi ambaye kuanzia Maili Moja mpaka Kisarawe hana mpinzani. Kuta zikisikia nakuja zinajinyoosha zenyewe. Usicheke. Uliniacha najimwagia uji kifuani, leo naitwa fundi na watu wenye ndevu.

Vipi afya yako huko Muscat? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima. Mama naye mzima kwa kumtazama, ila hali mpaka umsimamie. Yuko kwenye eda, na tangu baba atuache hataki hata redio iwashwe. Nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji la jirani.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe unamkata mtu maneno. Firdausi anarudi huko, atakupa mkononi. Najua utakachouliza kwanza ni ile picha ya kiganja cha baba uliyoniagiza. Nitafika. Acha nianze na kazi.

Ile wolpepa uliyotuletea, karatasi ya ukutani ya maua ya dhahabu iliyobandikwa chumbani kwa mama, masika yameiua. Maji yalipenya kwa nyuma, ikavimba, ikanuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Mama akasema hawezi kumaliza eda anatazama maua yaliyooza, chumba kipakwe rangi ya krimu. Nikamhamishia chumbani kwako.

Kuna mafundi wanachana karatasi na kupaka rangi hapohapo. Mimi siyo wa hivyo. Nimefundishwa Kisarawe na mzee Mwinjuma, fundi mwenye matusi mengi kuliko zana. Unalowesha kwa maji ya moto na sabuni, unasubiri, unakwangua taratibu plasta isitoke. Halafu gundi. Unaosha ukuta kwa sponji mpaka ukipitisha mkono hautelezi, la sivyo rangi itabanduka magamba magamba na jina lako litabanduka nayo. Nilibadilisha maji mara nyingi mpaka mama akauliza mlangoni, “Unaosha ukuta au maiti?” Kisha akarudi chumbani kwako. Nikaenda kubadilisha maji tena.

Karatasi ya upande wa dirisha ilipotoka, nikakiona. Kiganja cha baba, vidole vyote, na pembeni kile chako kidogo. Palepale ulipotuambia, siku aliyomaliza kupiga plasta, akabonyeza mkono wake, akashika wako akaubonyeza, akasema nyumba imeshatiwa sahihi. Gundi ilikuwa imejaa kwenye vidole. Nikasema ukuta ukikauka nitakisafisha kwa mswaki, nipige picha asubuhi jua likiingia. Niliweka mkono wangu mle ndani. Wangu mkubwa kuliko wa baba, usibishe. Kidole cha kati tu ndicho hakikufika.

Bibi Mboni wa Mbwawa anakusalimu, anauliza utarudi lini, na utarudi na nani. Nisalimie Maua unayekaa naye. Mungu akulinde kwenye nyumba za watu, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nilitaka kuishia hapo. Firdausi yuko sebuleni anamaliza chai yake, ananiambia niharakishe.

Picha haipo, dada.

Rafiki yangu Ashrafu alikuja kunisaidia kupiga skimu, yaani kulainisha ukuta kwa puti kabla ya rangi. Akaanza uchokozi wake. “Wewe fundi wa mdomo. Huwezi kutoka kona hadi kona bila kunyanyua mwiko.” Nikamwambia, “Kaa kwenye ndoo hapo, utazame wanaume.” Nikachota puti, nikavuta kutoka mlangoni mpaka dirishani, kwa mbwembwe, huku naimba. Ukuta ukatoka kama kioo. Ashrafu akapiga makofi. Ndipo nikageuka kutazama dirisha, nikakumbuka nimepita juu ya nini.

Nikakwangua puti ikiwa bado mbichi. Lakini pale plasta ilikuwa imelewa maji ya masika, ikatoka nayo vipande vipande. Likabaki tundu tu, halina kidole hata kimoja. Nikaliziba, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Ningefanya nini?

Mama aliporudi chumbani hakuwasha taa. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akapapasa, akapapasa tena juu kidogo, kama anayetafuta swichi. Kisha akasema, “Umelainisha vizuri, mwanangu.” Akachukua mto wake. Mpaka leo analala chumbani kwako, na hicho cha krimu kimefungwa.

Hajaniuliza. Angeniuliza ningedanganya, ningesema ni masika. Ila siyo masika. Ni mimi, kwa kutaka kupigiwa makofi na Ashrafu. Na chako kile kidogo nacho kimekwenda. Vyote viwili nimeviua mimi.

Ni mdogo wako, anayekupenda hata ukiacha kupokea simu zake,

Sadick