Kompyuta ya Skrubu

Kilosa, 4 Machi 2024

Kwako mwanangu Melkizedek,

Salamu nyingi kutoka hapa kwenye duka langu la uchapaji. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na magoti hayo unayajua. Baba yako naye yupo, anakohoa tu, anasema ni vumbi la mahindi. Wewe na joto la Mikumi mnaendeleaje?

Nakuandikia kwa sababu ukipigiwa simu unasema "shangazi nitakupigia", halafu kimya. Barua hii nimempa kondakta wa basi. Hii huwezi kuikata.

Hivi hii kompyuta uliyoniletea ni kitu gani? Nimekuwa katibu muhtasi miaka ishirini na sita, nimechapa kwa taipureta na kwa kompyuta za kila aina, sijawahi kuona dude nene kama tofali, skrubu kila mahali mgongoni. Juzi mwalimu mzima wa sekondari aliniuliza kama ni redio. Haina kamera, haina kipaza sauti. Pa kusogezea mshale kuna kijipira, nakizungusha hapa kama mtoto. Nikiiwasha naenda kununua maandazi, narudi, bado inajifikiria. Na printa yangu ndiyo haitaki hata kuitambua. Kutoa ukurasa mmoja lazima nihamishie faili kwenye fleshi, nivuke barabara kwa Ashrafu wa fotokopi, na nikifika kwake majedwali yameshavunjika.

Wenzangu wa mtaa huu wana laptop nyembamba zinang'aa. Mimi nimeletewa kazi ya darasa la ufundi.

Shangazi yako,
Devota

Mikumi, 11 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua nimeipata, na nimefurahi kusikia mpo. Hapa hotelini ninapofanya ufundi wageni ni wachache, mvua imeharibu njia za mbugani, tunashinda tukitazamana. Mwambie baba nitakuja Pasaka.

Sasa tuje kwenye hilo tofali. Umesahau kwamba ile nyembamba yako inayong'aa ilikufa baada ya mwaka na nusu? Nilipoifungua nikakuta betri imegandishwa kwa gundi na kila kitu kimechomelewa, fundi wa Morogoro akakwambia utupe, ukatupa. Leo unazitamani tena! Watu wazima mnanunua sanduku lililofungwa, hamjui kilichomo na hamruhusiwi kujua, likifa mnakwenda kununua jingine, halafu mnamcheka mwenye bisibisi.

Hiyo aliniachia mtafiti mmoja wa tembo aliyekaa hapa miezi minane. Walioitengeneza wametoa michoro yake yote, kila waya, mtu yeyote asome. Betri ni vipande vinane, kikichoka kimoja unabadilisha hicho hicho. Kamera haina kwa sababu hakuna aliyetaka kukuchungulia. Ni nzito, sawa. Ni ya polepole, sawa. Kuhusu printa nakubali, waliotengeneza printa yako hawakuwakumbuka watu wanaotumia Linux, mfumo unaoiendesha hiyo kompyuta, na hapo mimi sina la kufanya. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hutapoteza kitu, nimeipanga itunze nakala yenyewe kila baada ya muda. Ipe miezi mitatu. Wewe ni mvivu wa kujifunza tu, shangazi, na unajua.

Mwanao,
Melkizedek

Kilosa, 2 Aprili 2024

Mwanangu Melkizedek,

Marahaba, ingawa ya mtu anayeniita mvivu naipokea kwa mkono wa kushoto. Nashukuru Pasaka ulifika, hata kama ulikaa siku moja kama mkaguzi.

Wiki iliyopita umeme ulikatika siku nzima. Mtaa mzima walikaa vibarazani wakijipepea, mimi nikachapa mitihani ya shule tatu mpaka jioni. Sisifu. Nasema kilichotokea. Bado ni dude baya.

Nililonalo ni baba yako. Amelazwa tangu jana, na safari hii si vumbi. Mama yako Costancia anashinda naye, mimi napeleka uji. Tatizo anamuulizia yule binti yake wa nje, wa Ruhembe. Kila akiamka ni Yunis, Yunis, Yunis kaja? Mbele ya mke wake wa ndoa! Nimemwambia kaka yangu, pumzika, hayo ya ujanani yaache huko kwenye miwa alikokuwa akikata mama yake. Huyo mwanamke alijua kukata miwa na kuzaa, basi.

Uje haraka.

Shangazi yako,
Devota

Kilosa, 29 Aprili 2024

Mwanangu Melkizedek,

Natumaini ulifika salama na umeanza kula. Sisi huku tunaendelea, tangu tumzike baba yako nyumba imebaki wazi, mama yako halali vizuri.

Najua umeondoka umenuna, na najua kwa nini. Sote tuliona. Katekista alisoma wasifu wa marehemu, ameacha mjane na watoto wanne, halafu watoto wakaitwa mmoja mmoja kuweka mashada kwa kufuata karatasi. Yunis alikuwa amesimama na shada lake mkononi. Hakuitwa. Akaliweka chini pale pale aliposimama, akafunga kanga yake, akaondoka kabla ya sala ya mwisho.

Unafikiri mimi sikuumia? Lakini lawama ipeleke inakostahili. Wasifu nilichapa kwenye hilo dude lako, nikapeleka fleshi kwa Ashrafu, na unajua mwenyewe kinachotokea faili likitoka kwenye mashine yako likaenda kwenye mashine ya watu. Mistari inahama, mingine inamezwa. Jina la Yunis limemezwa hivyo. Nilikuambia tangu Machi kwamba kitu hiki hakifai, ukaniita mvivu. Haya, sasa kimemvunjia mtu heshima kwenye kaburi la baba yake.

Nakurudishia na basi la kesho. Skrubu zote zimo, hesabu.

Shangazi yako,
Devota

Mikumi, 6 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzima. Nikuulize na wewe u mzima, maana ndivyo nilivyofundishwa.

Kabla mzigo haujafika nilikwenda Ruhembe. Nilimwamini shangazi yangu. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya dada yangu, nikamwomba radhi kwa niaba ya kompyuta. Nikamweleza habari za mafaili na fonti, mimi fundi mzima, mbele ya mtu aliyenyimwa kumzika baba yake. Yunis alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, hiyo mashine inanijua?" Akacheka. Nilirudi Mikumi nikiwa na hasira naye kwa kile kicheko.

Juzi kompyuta imefika, nimeiwasha. Nakala zote zimo, shangazi. Saa tisa na dakika ishirini umeandika "ameacha mjane na watoto watano", na wa kwanza ni Yunis. Saa tisa na nusu Yunis hayupo, na "watano" imekuwa "wanne". Hapo hata hujatoka dukani kwenda kwa Ashrafu.

Mashine inaweza kumeza mstari. Nimekiri hilo tangu mwanzo. Lakini haiwezi kumeza mtoto wa mtu halafu ikapanda juu kusahihisha hesabu ili asionekane amepungua. Hiyo ni kazi ya katibu muhtasi wa miaka ishirini na sita.

Ulilidharau dude hili hadharani miezi miwili, kila mteja anajua, ndiyo maana ilikuwa rahisi kulisingizia. Na mama yake Yunis ulimdharau miaka arobaini. Nakuonea aibu. Sijui hata niandike nini kwa mama.

Melkizedek

Kilosa, 3 Juni 2024

Mwanangu Melkizedek,

Marahaba. Magoti yananisumbua, mengine ni mazima.

Nimekaa na barua yako karibu mwezi. Mwanzoni nilitafuta namna ya kukujibu, nikaandika kurasa tatu kuhusu kompyuta, nikazichana. Nilifuta mimi. Costancia hakuniomba, usimguse. Hakuna aliyeniomba. Nilikuwa peke yangu dukani, nikaliona jina la mtoto wa mkata miwa liko juu ya majina yenu, nikachukia. Nikafuta, nikapanda juu nikarekebisha hesabu kama ulivyosema, maana sipendi kazi yangu iwe na kosa. Naona aibu kuandika hivyo.

Jumamosi nilipanda basi mpaka Ruhembe. Nilikuwa nimechapa wasifu upya, watoto watano, na barua ya ukoo kwamba tukijengea kaburi mwezi wa nane utasomwa huu, na yeye ndiye atakayeweka shada la kwanza. Nilijiandaa kutukanwa. Yunis hakunitukana. Alinipa kiti, akaniletea chai, akausoma wasifu wote taratibu huku anafuata mistari kwa kidole. Alipomaliza akaukunja, akanirudishia. Akasema, "Baba ameshazikwa."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, ni mimi niliyefuta. Akasema anajua. Nikamwuliza kama mwezi wa nane atakuja. Akasema kuna kazi nyingi shambani mwezi huo, ataangalia. Basi, nikarudi kwenye chai, ilikuwa haijaisha.

Wakati huo jirani yake mmoja akapita na ndoo, akasimama kunisalimia, akamwuliza Yunis mgeni huyu ni nani wako. Yunis akanitazama kidogo. Akamjibu, "Ni mama mmoja tu wa Kilosa, anachapa barua za watu."

Sikumsahihisha.

Devota