Pokea Simu ya Saa Tatu, Mjomba

Nyumba ya uani, nyuma ya duka la vioo,
S.L.P. 318,
Jumapili, 11 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo unakuruhusu bado kuinama kwenye randa, au umeshawaachia vijana kazi ya mbao? Na macho je? Mimi ni mzima, ila nimekonda, na sauti imeanza kukwaruza. Mama hajambo kidogo. Nikisema kidogo, Mjomba, ni kidogo kweli, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Kwanza usije ukadhani hii ni barua ya matapeli. Ni mimi, Redio, mpwa wako. Jina hilo ulinipa mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa sinyamazi hata nikiwa natafuna. Kama bado una wasiwasi, kumbuka siku ulipotengeneza kitanda cha mama, ukakilalia mbele ya watu kuonyesha uimara wake, kikakubwaga chini pu! Nawe ukiwa palepale chini ukashikilia kwamba ni sakafu iliyopinda. Hilo tapeli gani atalijua? Kitanda bado kipo, na lile tofali aliloliweka baba, Mungu amrehemu, bado liko chini ya mguu wa kushoto. Ndicho anacholalia mama sasa.

Alipata kiharusi mwezi wa pili. Upande wa kulia haumtii kabisa. Maneno anayo, lakini yanatoka taratibu, tena asubuhi tu, kuanzia saa tatu mpaka kama saa nne. Baada ya hapo anachoka na kugeukia ukutani. Daktari aliniita pembeni akaniambia moyo nao umechoka, nisihesabu mbali. Nalia chooni kazini, nanawa uso, narudi kwenye kiti changu.

Mama anakutaka wewe. Hamtaki mtu mwingine. Tulipomzika baba hukuja, na ulipopiga simu kesho yake alikwambia usimpigie tena maisha. Nilikuwepo, nilimsikia. Miaka minne umetii, Mjomba. Nani alikutuma uwe mtiifu ghafla hivyo? Sasa anataka kuifuta kauli ile kwa mdomo wake. Nilimwomba anitajie maneno nikuandikie, akakataa katakata. Aliyatamka mwenyewe, anasema, na atayarudisha mwenyewe.

Shida ni kwamba hatuna namba unayoijua. Laini yake ilifungwa na watu wa simu kwa kukaa muda mrefu bila kutumika wakati amelazwa, na yangu nilibadilisha nilipoibiwa simu. Namba yako tuliikuta nyuma ya picha yako, kwa mwandiko wa baba.

Sasa sikia kazi ninayofanya, ucheke kidogo kabla sijakuudhi. Nauza machujio ya maji kwa simu, kwa watu wasionijua na ambao hawakuniomba kitu. Tuko kumi na wawili ghorofani, kila mmoja na kijimeza chake kilichozungushiwa mbao nyembamba, na mbele yake kioo kidogo ili ajione akitabasamu, eti tabasamu husikika. Msimamizi wetu tunamwita Kengele. Ana kengele ya mezani anayoigonga kila mteja akivuka dakika moja bila kukata. Siku hizi imeshika vumbi. Katika simu mia wanapokea watu kumi, wakizidi sana kumi na mmoja, na nusu yao wanapokea ili watutukane. Mwenzangu wa kushoto tunamwita Mchungaji kwa upole wa sauti yake. Juzi bibi mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amina, akakata.

Kengele haishiwi mbinu. Tupige saa ikishavuka dakika kumi, watu wawe wametoka vikaoni. Tusipige Jumatatu. Tutangulize ujumbe. Tuanze na jina la mtu. Mwezi uliopita akaleta mtambo unaofanya namba yetu ionekane ni ya huko huko anakokaa mteja, adhani ni jirani au fundi wake. Wiki ya kwanza watu walipokea, kengele ikalia mpaka kichwa kikaniuma. Wiki ya tatu walishashtuka, sasa hawapokei hata simu za majirani zao wa kweli. Sisi ndio tuliowafanya watu waiogope simu, Mjomba, na mimi nimo. Naona aibu kukuandikia hivi lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo usipopokea nakuelewa. Mbinu zote hizo nimekujaribia. Nimekupigia saa nne na dakika kumi, Jumatano, Alhamisi, wapi! Nikakutumia ujumbe: "Mjomba, mama anaumwa sana, piga namba hii haraka." Ulipokwisha kwenda nikausoma tena, nikajishika kichwa. Si ndivyo wanavyoandika matapeli wote, neno kwa neno? Ningekuwa wewe ningeufuta.

Jumanne iliyopita nikashindwa kuvumilia. Kengele alipoteremka kununua chai, niliingiza namba yako kwenye ule mtambo. Ikaita mara mbili. Ukapokea! "Naam, nani mwenzangu?" Sauti ni ileile, ya mtu aliyebana misumari mdomoni. Na mimi, Mjomba, mimi uliyenibeba mgongoni, nikafungua kinywa yakatoka yale ya kila siku: "Habari za asubuhi mheshimiwa, samahani kwa usumbufu, naomba dakika mbili tu za muda wako." Nayasema kutwa nzima, huu mwaka wa pili. Yalitoka yenyewe. Mpaka najishtukia na kusema "Mjomba", ulikuwa umeshakata. Nikapiga tena, haikuita, umeshaifungia. Nikainua macho, na kwenye kile kioo nikajikuta bado natabasamu.

Mama sijamwambia. Nitamwambiaje kwamba ulipokea na nikakuuzia chujio?

Kazini nako sina muda mrefu. Mwisho wa mwezi wataondolewa watatu wa chini kwenye ubao wa mauzo, na jina langu liko chini kabisa. Hilo lisikuumize kichwa, nitajua la kufanya. Sikuandikii kwa ajili hiyo.

Nakuandikia kwa ajili ya saa tatu. Kila asubuhi kabla sijaondoka nakupigia kwa simu yangu, hii ambayo hujaifungia, namwekea mama kwenye sikio la kushoto. Anaisikiliza ikiita mpaka ikatike. Halafu ananitazama, anayatafuta maneno, anasema: "Inaita. Yupo." Ni hayo tu. Kisha analala, na usoni ametulia kuliko anavyotulia kwa dawa za hospitali. Mwanzoni nilidhani haelewi. Anaelewa vizuri sana.

Namba inaishia sita sita mbili. Ukipokea, utasikia kimya kwanza. Najua unakijua kimya hicho, simu zetu za biashara huanza hivyo hivyo, na ndipo watu wanapokata. Nakuomba usikate. Ni dada yako anatafuta neno la kuanzia. Mpe muda, hata dakika tano. Ukiweza kohoa kidogo, ajue ni wewe.

Sina matumaini makubwa, nisikudanganye. Anwani hii nimeitoa kwenye bahasha ya zamani, na huenda umeshahama zamani gani. Huenda barua itakaa posta mpaka irudi, na ikirudi sijui itamkuta nani. Naandika hivyo hivyo kwa sababu simu imenishinda, mimi niliyeajiriwa kwa ajili ya simu.

Shangazi, anayekaa na mama nikiwa kazini, anakusalimu, na anasema bado anakudai kigoda ulichomwahidi. Fundi cherehani jirani yetu anakusalimu. Mama hajatuma salamu, zake anazo mwenyewe. Mungu akulindie mikono yako na hao ulio nao huko, akupe usingizi mwema, na akuweke mpaka tuonane, kama tutaonana.

La mwisho, Mjomba. Kama moyo wako haujapoa, sitakulazimisha. Wewe ndiye uliyefukuzwa. Usipokee basi. Lakini nakupigia magoti, usiifungie namba hii, na saa tatu usizime simu. Iache iite.

Mpwa wako akupendaye,
Redio