Mfaransa Asiyetikisa Kikombe

Shangazi mpenzi,

Nakushika miguu kutoka Matrah, kwenye joto la kuivisha mkate bila ya tanuri.

Jana ami alimwalika kahawa Mfaransa mmoja, fundi wa visima vya mafuta. Huku Oman, ukitosheka unatikisa kikombe, usitiliwe tena. Yeye hakutikisa. Akatiliwa na kutiliwa, na kila kikombe akakilipa kwa tarikhi ya kijiji chao, nami nikitarjumu. Kijiji chenyewe kanisa moja, duka moja la mikate na ng'ombe waliozidi watu, lakini kina meya, na akimtaja utadhani anataja khalifa. Eti mababu zao waligombania kengele na kijiji cha jirani, na mpaka leo hawaozani. Kengele, Shangazi. Nna hakika hata watoto wa Malindi hapo Unguja wangeona haya kusimulia jambo kama hilo.

Mwisho akajigamba kuwa nyumba aliyozaliwa yeye ndimo alimozaliwa babu wa babu yake. "Na nyumba yenu ya Unguja," akaniuliza, "sasa anakaa nani?"

Ami akangoja nitarjumu. Nikatikisa kikombe changu.

Mungu akuweke, Shangazi. Ukipita pale, nitazamie dirisha la mama kama lingali na pazia lake.