Kidonge cha Baada ya Kula

Jumatatu, 5 Machi 1984
Shule. Madaftari ya darasa la sita. Matope mpaka mlangoni. Nimerudi, nimekula kande yote iliyobaki, nikajitapisha. Kama jana. Kinywa kikavu kwa sababu ya dawa. Daktari wa Karatu alisema vidonge hivi ni vya huzuni, ila huwasaidia pia watu wenye ugonjwa wangu. Kimoja jioni, baada ya kula, na chakula kibaki tumboni. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Jumatano, 7 Machi
Majivu. Nimefurahi, niseme ukweli. Kwaresima nzima hakuna atakayeniuliza kwa nini sili. Katekista amenisifu mbele ya wanafunzi. Sikula, kwa hiyo sikumeza. Dawa ni baada ya kula.

Alhamisi, 15 Machi
Nimetapika, kidonge nacho kikatoka. Dada Paulina amenikuta. Naishi kwake tangu nipangiwe shule hii ya Rhotia. Alidhani nina mimba. Nikamweleza yote. Akaenda kuchochea moto.

Jumapili, 1 Aprili
Sasa baada ya chakula cha jioni Paulina ananiwekea ungo wa maharage. Tunachambua wote wawili. Haondoki, nami siwezi kuondoka. Namchukia mpaka chakula kitulie. Wiki hii nimetapika mara moja tu. Sijui ni dawa au ni maharage.

Jumanne, 17 Aprili
Daktari ameridhika. Kasema nisiache dawa ghafla. Padri naye kasema mgonjwa hafungi. Nimemjibu kwamba Ijumaa Kuu nitafunga kama watu wote. Nikianza sitaacha, najua. Ndiyo maana nataka.

Ijumaa Kuu, 20 Aprili
Paulina hajawahi kula mchana siku ya leo tangu abatizwe. Hapa kwetu hata moto hauwashwi kabla ya ibada. Saa saba akasonga ugali. Akanipakulia, akajipakulia. Nikasema nimefunga.

"Mimi pia nilikuwa nimefunga," akasema. "Kula, mdogo wangu."

Akamega tonge. Mama Yosefu, jirani yetu, alikuwa anapita kwenda Njia ya Msalaba. Akatuona kupitia mlango uliokuwa wazi. Paulina akamkaribisha chakula. Mama Yosefu hakuitikia. Paulina akaendelea kutafuna, macho chini. Nilikasirika. Niliona aibu, kwa ajili yake zaidi kuliko yangu. Nikala. Jioni nikala tena, nikameza kidonge.

Jumatatu, 23 Aprili
Ukungu. Jana kanisani Paulina hakwenda kukomunika. Alibaki kwenye benchi, watu wakampita. Najua ni ule ugali wa Ijumaa.

Leo jioni ugali na maziwa ya mgando. Nimemeza dawa. Kabla hatujatoa vyombo Mama Yosefu akaja mlangoni, ng'ombe wake anazaa kwa shida. Paulina akanitazama kidogo, akachukua kanga yake, wakaondoka pamoja.

Nimebaki peke yangu. Tumbo limejaa. Mlango uko wazi. Nimekaa.