Siku Tuliyompokea Karin Bila Hema

Kitengela, Jumamosi jioni, mwezi wa pili. Jua limezama lakini mabati bado yanatoa joto. Nina vumbi la Bisil masikioni na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Wanaonisoma hapa wanajua ugomvi wangu na wafadhili. Nimewaandika vibaya magazetini tangu miaka ya tisini, na maneno mengi makali yalimlenga Karin, anayeliwakilisha shirika moja la Ulaya huku Kajiado. Husoma kila ninachoandika, kisha huja nyumbani kwangu na mkate aliouoka mwenyewe, tukabishana mpaka mke wangu achoke kutupashia chai.

Nampenda kama dada mkaidi. Basi, nimeliandika.

Shemeji yangu Nasieku, dada mkubwa wa mke wangu, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama karibu na Bisil. Ukame uliopita ulimaliza ng'ombe wa wengi wao. Tangu hapo wanataka kitu kimoja: hema kubwa, pamoja na viti vya plastiki na sufuria za kupikia umati, wawe wanakodisha. Watu hawaachi kuoa kwa sababu mvua imekosa, wala hawaachi kuzikana. Ng'ombe akifa kwa njaa amekwenda. Hema hukunjwa, likangoja.

Shirika la Karin limewauliza mara kadhaa wanataka nini. Kila mara wamejibu hema. Kila mara mradi umerudi ukiwa nyuki, au shanga, au majiko yasiyokula kuni nyingi. Sidhani kuna mtu aliyewadanganya. Ni kwamba huko makao makuu hema halionekani kuwa maendeleo. Hema ni sherehe, na maskini wa kwenye picha zao hatakiwi kuwa na sherehe. Anatakiwa kuwa na kiu, na mtoto mgongoni.

Hapo ndipo damu yangu huchemka.

Na sasa sikiliza kichekesho. Kila Karin alipokuja kuwauliza, kikundi kilikodi hema na viti kutoka Kajiado mjini ili mgeni asikae juani. Huku kwetu, kumpokea mgeni rasmi bila hema ni aibu ya kusemwa mwaka mzima.

Jana Nasieku alinipigia simu. "Shemeji, kesho hatukodi."

Nilishtuka. Nikamwambia haiwezekani, nitalilipia mimi hilo hema. Baada ya miaka yote ya kupigana na wafadhili, nikageuka mfadhili kwa dakika moja, tena wa aina ile ile: niliona shida, nikachagua dawa, mwenye shida sikumuuliza.

"Kaa na pesa yako," akasema. "Na hiyo hotuba yako pia iache hapo Kitengela. Kesho wewe ni shemeji tu. Utakuja, utakunywa chai."

Karin alishuka kwenye gari akawaamkia akina mama kwa Kimaa, "Takwenya," nao wakaitikia, "Iko." Kisha akabaki amesimama, akitafuta pa kukaa. Kulikuwa na mgunga mmoja mwembamba, ngozi mbili za ng'ombe, na mitungi ya plastiki ya maji iliyolazwa ubavu. Akakalia mtungi.

Kivuli cha mgunga hakitulii mahali pamoja. Kila kiliposogea tuliinuka na mitungi yetu tukakifuata, mkutano ukiendelea. Mwishowe Karin alikuwa ameshika mtungi mkono mmoja na kikombe mkono mwingine, pua imeiva nyekundu.

"Nasieku, lile hema letu liko wapi?"

"Letu?" Nasieku akauliza. "Hilo ni la mtu wa Kajiado. Jana lilikuwa harusi, leo liko matanga. Hiyo ndio kazi yake."

Nilikuwa na aya nzima mdomoni. Nikanywa chai.

Karin aliutazama mtungi wake. "Kumbe nimekuwa nikikaa ndani ya hema," akasema, "nikiwauliza mnataka nini."

"Na ulikuwa unalipenda," mama mmoja akadakia kutoka nyuma. "Ulikuwa unasinzia huko."

Karin alicheka kuwashinda wote. Alipomaliza kucheka, alisema jambo ambalo katika miaka yetu yote ya kubishana hajawahi kuniambia mimi: hajawahi kulipeleka ombi la hema huko kwao. Alijua watalikataa, akaona heri wapate nyuki kuliko kukosa vyote.

"Safari hii nitaomba hema," akasema. "Lakini ombi ni moja tu kwa mwaka; wakikataa, hamtapata kitu. Hata nyuki."

Akina mama walisemezana kwa Kimaa, haraka na kwa sauti za chini. Najua nyumba ngapi pale zinategemea jibu hilo, na ningekuwa mimi ningechukua nyuki.

Nasieku akageuka. "Omba hema."

Karin alinirudisha hadi mlangoni kwangu. Njia nzima hatukubishana, jambo lililotutisha wote wawili. Jumatatu atawapigia simu wakubwa wake. Kwa mara ya kwanza namtakia ushindi katika ugomvi, na nikisikia wamekataa, ninajua nitawaandika akina nani. Yeye hatakuwemo.

Tulipokuwa tunaondoka Bisil, akina mama walikuwa wameshaanza kuvutana kuhusu viti ambavyo bado hawana: viwe vyekundu au vya buluu. Nasieku anataka vyekundu. Mimi ningechagua buluu, haionyeshi vumbi sana.

Lakini hakuna aliyeniuliza, na usiku huu nitalala vizuri.